"Mimi Ndiye Niliyezaliwa, Wao Wanabisha": Philip Roth, Wikipedia na swali la nani shahidi wa maisha yako

Leo tuweke pembeni seli, nyota na virusi, tuongelee kitu ambacho kwa haraka utasema ni cha watu wa fasihi. Vumilia kidogo. Ukifika katikati utaona kwamba ni swali letu kabisa, watu wa maabara na takwimu: mtu akisema jambo kuhusu nafsi yake, wengine watajuaje kwamba ni kweli?

Nianze na barua moja. Septemba 2012, mwandishi wa Marekani Philip Roth, wakati huo ana miaka 79 na rafu nzima ya tuzo nyumbani, alichapisha kwenye jarida la The New Yorker barua ya wazi kwa Wikipedia. Malalamiko yake yalihusu ukurasa wa riwaya yake The Human Stain, iliyotoka mwaka 2000. Ukurasa ulisema kuwa inadaiwa riwaya hiyo ilitokana na maisha ya Anatole Broyard, mhakiki wa vitabu wa New York ambaye baada ya kifo chake mwaka 1990 ilikuja kujulikana sana kwamba alikuwa na asili ya Kiafrika na alikuwa ameificha. Mhusika mkuu wa riwaya, profesa Coleman Silk, naye anaificha asili yake. Kwa hiyo wahakiki wakaunganisha moja na moja.

Roth akasema hapana. Kwa maelezo yake, riwaya ilianzia kwa rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa sosholojia pale Princeton. Mwaka 1985 Tumin aliita majina darasani, akakuta wanafunzi wawili hawajawahi kuonekana tangu muhula uanze. Akauliza kama kuna anayewajua, au ni mizimu tu. Tatizo ni kwamba neno la Kiingereza alilolitumia kwa "mizimu" lilikuwa pia tusi la zamani kwa Wamarekani weusi, na wanafunzi wale wawili, ambao hajawahi kuwaona, walikuwa weusi. Profesa aliyejijengea jina kwa utafiti wa mahusiano ya rangi akajikuta anaandika maelezo kurasa kwa kurasa kujitetea kwamba si mbaguzi. Ukisoma riwaya, tukio hilo utalikuta karibu kama lilivyo.

Roth alijaribu kurekebisha ukurasa kupitia mtu wake. Ikagoma. Jibu alilopata kutoka kwa msimamizi wa Wikipedia ya Kiingereza, kwa ufupi, lilikuwa hivi: tunaelewa kwamba mwandishi ndiye anayeijua kazi yake kuliko wote, lakini tunahitaji chanzo cha upili. Yaani mwandishi wa kitabu hakutosha kuwa shahidi wa kitabu chake!

Watu wengi walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka yaliponikuta.

Mzee na mwaka wake

Kuna mzee mmoja, jina naliweka kapuni, aliyeandika vitabu kadhaa vya hadithi vilivyosomwa na watoto wa shule miaka ya nyuma. Ni jirani wa familia yetu. Siku moja ananiita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Hebu nifutie huu uongo."

Uongo wenyewe ni mwaka wa kuzaliwa. Ukurasa wake ulimpunguzia miaka kumi. Kisa, jalada la nyuma la kitabu chake kimoja lilikosewa tarakimu kiwandani, na mtu aliyeandika ukurasa alichukua kutoka hapo. Nikamwambia mzee hilo ni jambo la dakika moja. Nikafungua sehemu ya kuhariri, nikabadilisha, nikahifadhi, nikanywa chai yake. Kesho yake mwaka wa zamani ulikuwa umerudi. Nikabadilisha tena. Ukarudi tena, safari hii na maneno mawili: "Toa chanzo."

Nilipomweleza mzee, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi ndiye niliyezaliwa, wao wanabisha." Ila kilichomuuma kilikuwa mjukuu wake. Mtoto alikuwa na kazi ya shule ya kuandika juu ya babu yake, akaandika mwaka wa kwenye simu. Mzee alipomrekebisha, mtoto akamjibu kwa adabu zote: "Lakini babu, hapa imeandikwa hivi."

Tangu siku hiyo nimeisoma barua ya Roth kwa jicho lingine, na nimefika mahali ambapo sikutegemea: nadhani Roth alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hoja yake haina nguvu kama inavyosifiwa. Na Wikipedia ilikuwa na kanuni nzuri, lakini iliitumia kama mganga anayerudia maneno asiyojua maana yake. Twende taratibu.

Udhaifu wa barua

Barua ya Roth inasomeka vizuri sana, na hapo ndipo inapotupotosha. Sehemu kubwa yake ni masimulizi: Tumin alivyokuwa, Broyard na yeye walivyokutana mara chache tu maishani, Coleman Silk alivyo tofauti na Broyard katika hili na lile. Ukimaliza unajisikia umeshuhudia kesi ikishinda. Lakini jiulize, ni kesi ipi iliyoshinda?

Kuna madai mawili hapa na barua inayachanganya. La kwanza: "Riwaya ilitokana na Broyard." La pili: "Kuna wahakiki waliosema riwaya ilitokana na Broyard." Dai la kwanza Roth ana haki ya kulipinga, na ana ushahidi mzuri. Dai la pili ni kweli tupu, hata kama wahakiki wenyewe walikosea. Waliandika na ikachapishwa. Kazi ya kamusi elezo ni pamoja na kuandika kwamba watu walisema nini juu ya kitabu. Barua ilitaka dai la kwanza lishindwe, na hapo hapo la pili lifutwe.

Halafu kuna suala la kumbukumbu, na hapa wanasaikolojia wana la kutuambia. Januari 1986 chombo cha anga Challenger kilipolipuka, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waandike, kesho yake tu, walikuwa wapi na walipataje habari. Miaka kadhaa baadaye waliwauliza tena. Wengi walisimulia mambo tofauti na walichoandika kwa mkono wao wenyewe, na walisimulia kwa kujiamini kabisa. Kujiamini hakukuwa kipimo cha usahihi.

Sisemi Roth alisahau. Kisa cha Tumin kinalingana na riwaya mno, na mimi ninamwamini. Ninachosema ni kwamba "mimi ndiye niliyeandika, kwa hiyo najua wazo lilitoka wapi" si hoja inayofunga mjadala. Muulize mtafiti yeyote wazo la tasnifu yake lilitoka wapi, halafu fungua daftari lake la wakati ule. Mara nyingi utakuta hadithi mbili.

Wikipedia nayo

Sasa tugeuke upande wa pili, maana nao hawapo salama.

Kwanza tuelewe kanuni ya chanzo inatoka wapi. Wikipedia ilianza Januari 2001, na inahaririwa na yeyote, wengi wao bila majina halisi. Mtu akiandika "mimi ni Philip Roth", aliye upande wa pili hana njia ya kumwona. Mwaka 2005 ilionekana wazi hatari ya kuamini bila ushahidi. Mtu asiyejulikana aliandika kwenye wasifu wa John Seigenthaler, mwanahabari na mwandishi mkongwe, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya mdogo wake Robert. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi ofisini kwa Robert Kennedy na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa. Baada ya kelele alizopiga gazetini, Wikipedia ya Kiingereza iliacha kuruhusu wasiojisajili kuanzisha makala mpya, na baadaye ikaweka kanuni kali kwa wasifu wa watu walio hai: jambo lenye utata lisilo na chanzo linaondolewa mara moja.

Kwa hiyo "toa chanzo" haina maana ya "wewe ni mwongo". Maana yake ni "sikuoni". Kwetu ni hivyo hivyo. Ukileta matokeo ya maabara, hatukuulizi kama wewe ni mtu mwema. Tunauliza: mwingine akitaka kuhakikisha, ataanzia wapi?

Kanuni ni nzuri. Tatizo linaanza pale kanuni inapogeuka tambiko. Mfano mzuri ni wa Desemba 2022. Emily St. John Mandel, mwandishi wa Kanada aliyeandika Station Eleven, alikuwa amepewa talaka lakini Wikipedia bado ilisema ameolewa. Akaambiwa panahitajika chanzo. Akaandika kwenye Twitter akiomba mwandishi wa habari amhoji, ili tu aseme hadharani kwamba hana mume. Jarida la Slate likamhoji, likamuuliza swali hilo, akajibu, likachapisha. Ukurasa ukabadilishwa.

Inachekesha, ndiyo. Lakini chunguza kilichotokea kama unavyochunguza jaribio. Kabla ya mahojiano, ushahidi ulikuwa kauli ya Mandel. Baada ya mahojiano, ushahidi ni kauli ya Mandel. Mdomo ni ule ule. Kilichoongezeka ni jarida kati yake na msomaji. Jarida limetusaidia kwa jambo moja: tumejua kwamba aliyesema ni Mandel kweli. Hilo si dogo. Lakini kama shida ilikuwa hiyo tu, tuseme hivyo, tusijifanye kwamba taarifa sasa "imethibitishwa na chanzo huru". Roth naye vivyo hivyo. Leo ukurasa wa The Human Stain unaeleza kisa cha Tumin, na unaegemea barua ile ile ya Roth. Alikataliwa alipopita mlango wa nyuma, akapokelewa kwa maneno yale yale alipopita The New Yorker.

Swali linalofuata linaniuma zaidi: asiyekuwa na New Yorker apite wapi?

Ukipima damu mara kumi

Kuna tatizo la ndani zaidi, na hili ni la takwimu. Ukipima damu ya mgonjwa mmoja mara kumi, huna wagonjwa kumi. Una mgonjwa mmoja na karatasi kumi. Nguvu ya vyanzo vingi inatokana na kutotegemeana. Vikishaanza kunakiliana, idadi yake haina maana tena.

Jaron Lanier, mwanasayansi wa kompyuta na mwandishi, alieleza hili mwaka 2006 kwa kisa chake mwenyewe. Wikipedia ilimtambulisha kama mwongozaji wa filamu. Ukweli ni kwamba alitengeneza filamu moja fupi ya majaribio miaka mingi nyuma, ikaonyeshwa mara moja tu, na mwenyewe angefurahi kama hakuna atakayeiona tena. Kila marekebisho yalipofanyika, ndani ya siku moja alirudishwa kuwa mwongozaji. Sasa sikiliza hili: waandishi wa habari wakaanza kumuuliza kuhusu kazi yake ya filamu. Umeona mzunguko ulivyo karibu kufunga? Mmoja wao angeandika tu "mwongozaji wa filamu Jaron Lanier", na kosa lingekuwa limepata chanzo cha upili.

Ujerumani mzunguko huo ulifunga kabisa. Februari 2009 Karl-Theodor zu Guttenberg aliteuliwa kuwa waziri wa uchumi. Anatoka ukoo wa kikabaila na ana orodha ndefu ya majina. Mtu mmoja akachomeka jina "Wilhelm" katikati ya orodha hiyo kwenye Wikipedia, kwa mzaha. Magazeti, kwa haraka ya habari mpya, yakanakili orodha yote. Wahariri wa Wikipedia walipotia shaka, uthibitisho ukapatikana kirahisi: si limeandikwa kwenye vyombo vya habari? Mwaka 2011 mchoraji Randall Munroe aliutungia mzunguko huu jina la utani katika katuni yake ya xkcd, na jina likashika.

Kwa hiyo kanuni inayosema "hatumwamini mhusika, tunaamini gazeti" inasimama juu ya dhana kwamba gazeti lilikwenda kuuliza. Gazeti likiwa limefungua simu kama mjukuu wa mzee wangu, tumezunguka tu.

Vyanzo havijagawanywa sawa

Jambo la mwisho ni la haki. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Waterloo, ilikataliwa na Wikipedia ya Kiingereza kwa sababu haikuwa na vyanzo huru vya kutosha kuonyesha kwamba anastahili. Oktoba mwaka huo huo akapata Nobeli ya fizikia, mwanamke wa tatu tu baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Siku hiyo hiyo makala ikapatikana. Kazi yake ya leza ilikuwa imechapishwa tangu 1985. Fizikia haikubadilika kati ya Mei na Oktoba. Kilichobadilika ni kwamba magazeti yalimwona.

Unaweza kusema Wikipedia ni kioo tu, inaonyesha nani dunia imemwandika. Sawa, lakini kioo hiki kinasomwa kama dirisha. Sasa fikiria mwandishi wa Kiswahili ambaye vitabu vyake vilihakikiwa kwenye magazeti ya karatasi, na magazeti yenyewe yako kwenye chumba chenye vumbi au yalishafungia vitumbua. Vyanzo vyake vilikuwepo. Havionekani tu. Kanuni ile ile inayomkinga Seigenthaler inamfungia mlango mzee wangu, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo tufanyeje?

Kwangu mimi, jibu linaanza na kutenganisha madai, kama tunavyochagua kipimo kulingana na kinachopimwa.

Kuna mambo ambayo mhusika ndiye kipimo bora: jina lake linaandikwaje, alizaliwa wapi, bado yuko kazini au kastaafu. Hapa kauli yake, ikijulikana kweli ni yake, inatosha. Na msomaji, hili wengi hawalijui: kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zenyewe zinaruhusu kutumia maandishi ya mhusika kuhusu nafsi yake, mradi si ya kujisifu, hayawagusi watu wengine, na hakuna shaka ni yake. Kwa hiyo jibu alilopewa Roth lilikuwa kali kuliko kanuni yenyewe. Talaka ni ngumu kidogo, maana ndoa ni ya watu wawili.

Kuna mambo ambayo mhusika ni shahidi mmoja kati ya wengi: wazo la riwaya lilitoka wapi, nani aligundua nini kwanza. Aandikwe alivyosema, kwa jina lake, kando ya wengine walivyosema.

Na kuna mambo ambayo mhusika ndiye wa mwisho kuulizwa: kazi yake ni bora kiasi gani, kashfa ilikuwa ya kweli au la. Hapo anyamaze, wengine waseme.

Kama ni wewe umekosewa, usiingie kuhariri ukurasa wako mwenyewe kwa hasira kama nilivyofanya mimi kwa niaba ya mzee. Nenda sehemu ya majadiliano ya makala, sema wewe ni nani au unamwakilisha nani, taja kosa, weka ushahidi. Fungua historia ya ukurasa uone kosa liliingia lini na kwa chanzo gani. Mara nyingi ukikiua chanzo, kosa linakufa lenyewe.

Ndivyo tulivyofanya. Mzee alikumbuka kwamba kitabu chake cha kwanza kilikuwa na maelezo ya mwandishi. Yeye hakuwa na nakala. Mkutubi mmoja mvumilivu alitutafutia kwenye rafu ya nyuma kabisa, na kweli, ukurasa wa mwisho, mwaka ukiwa sahihi, umechapishwa miaka mingi kabla ya lile jalada bovu. Niliandika kwenye majadiliano jina la kitabu, mchapishaji na namba ya ukurasa. Yule yule aliyenirudisha mara mbili akabadilisha mwenyewe, akanishukuru. Kumbe hakuwa adui. Alikuwa hanioni.

Nilikwenda kumwonyesha mzee. Akavaa miwani, akasoma, akamwita mjukuu. Mtoto akaangalia simu, akamwangalia babu yake, akasema, "Aa, kumbe ni kweli."

Mzee akacheka. Mimi sikucheka sana. Maana mtoto yule bado aliamini kwa sababu imeandikwa. Hajauliza imeandikwa na nani, na huyo aliyeandika alijuaje. Kazi hiyo, msomaji, haina mhariri wa kutufanyia. Ni yetu.